Kupumua, kulegeza misuli, kutembea, kuandika au kuzungumza: ipi inakufaa msongo ukikuelemea?

Ushauri wa kupunguza msongo wa mawazo hauna uhaba. Mmoja atakuambia uvute pumzi, mwingine uvae viatu ukatembee, wa tatu utafute mtu umtolee dukuduku lako. Kila mmoja anakupa dawa iliyomfaa yeye, na pengine anasema kweli. Hata hivyo unaweza kuzijaribu zote tatu usione tofauti, kwa sababu ulimfuata aliyekushauri bila kuangalia kwanza msongo wako umekaa wapi. Mtu ambaye mabega yamemkaza tangu asubuhi ana tatizo lake. Anayegeukageuka kitandani saa nane za usiku akihesabu kazi za kesho ana jingine. Na yule anayekuta ugomvi uleule kila akirudi nyumbani, kumlegeza misuli si jambo la kwanza.

Njia tano ninazozilinganisha hapa hazidai kifaa, mwalimu wala ada. Usingizi nimeuacha nje, kwa kuwa ni hitaji la mwili kama chakula na hauwekwi mizani moja na mambo ya hiari. Nimeacha pia kuperuzi simu. Kunasahaulisha, sikatai, lakini ukiiweka chini unaukuta msongo palepale ulipouacha, na mara nyingine umeongezewa habari mbaya mbili tatu.

Vipimo nilivyotumia

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia pale unapohisi hatari. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye akaonyesha kwamba mwili ukishinikizwa kwa muda mrefu, hata kwa sababu zisizofanana, hupitia mabadiliko yanayofanana. Hapo ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana. Kuna msongo wa ghafla, unaopanda na kushuka ndani ya dakika, na kuna msongo sugu unaokaa wiki na miezi, ambapo homoni iitwayo kotisoli ina sehemu kubwa. Njia inayofaa kwa ule wa kwanza huenda isiuguse kabisa huu wa pili.

Kwa hiyo kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inagusa nini hasa: mwili, mawazo, au chanzo chenyewe? Nafuu inakuja baada ya muda gani? Inahitaji nini ili ifanyike? Inakwama wapi? Na mwisho, inamfaa nani?

1. Kupumua polepole

*Inagusa nini.* Mwili, moja kwa moja. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo wala tumbo litulie, lakini pumzi inakutii. Na pumzi imeunganishwa na moyo: ukivuta hewa mapigo huongezeka kidogo, ukiitoa hupungua, kazi inayosimamiwa na neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana kinachotuliza zaidi ni kule kutoa. Watu wengi huambiwa "vuta pumzi ndefu", wakavuta kwa nguvu mara kumi, wakaishia na kizunguzungu. Ushauri ule umesema nusu ya jambo, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida.

Namna rahisi ni kuvuta kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha kutoa taratibu ukihesabu hadi sita. Hesabu ikienda kwa sekunde, unakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Namna nyingine ni ile ya kushusha pumzi: unavuta kwa pua, unaongeza mvuto mfupi wa pili juu yake, kisha unaachia yote kwa mdomo polepole hadi iishe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2023 uliwapa watu zoezi la dakika 5 kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Makundi yote yalipata nafuu ya wasiwasi, lakini waliofanya hii ya kushusha pumzi ndio walioripoti ongezeko kubwa zaidi la hisia njema, wakiwapita waliokaa kutafakari kwa dakika hizohizo.

*Muda.* Dakika moja hadi tano. Hakuna njia ya haraka zaidi katika orodha hii. Lakini nafuu yake ni fupi pia. Ukirudi kwenye jambo lilelile, mapigo hupanda tena.

*Inahitaji nini.* Karibu hakuna. Unaweza kuifanya kwenye kikao, kwenye foleni, au mlangoni kabla ya kuingia kwenye usaili, na aliye kando yako asijue.

*Inapokwama.* Kuna watu ambao kuisikiliza pumzi ndiko kunakowatia hofu, hasa waliowahi kupatwa na hofu kali ya ghafla. Wakianza kuihesabu wanahisi hewa haitoshi. Hawa wasijilazimishe; njia ya pili hapa chini itawafaa zaidi. Ukisikia ganzi vidoleni au kichwa kuwa chepesi, unapumua kupita kiasi: acha kuhesabu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aepuke mazoezi ya kubana pumzi kwa muda mrefu mpaka azungumze na daktari wake.

*Inamfaa nani.* Mwenye jambo linaloanza baada ya dakika chache, au mwenye hasira anayetaka kujizuia asiseme neno atakalolijutia.

2. Kulegeza misuli kwa zamu

*Inagusa nini.* Mwili tena, ila kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1920 daktari wa Chicago, Edmund Jacobson, aligundua kwamba watu wengi hawajui kuwa wamekaza misuli, na kwa hiyo hawawezi kuiachia kwa kuambiwa tu "tulia". Dawa yake ilikuwa kuwafundisha kuukaza msuli makusudi kisha kuuachia, ili wahisi tofauti. Kwa wanaokaza taya bila kujua nadhani hakuna njia bora kuliko hii, kwani wengi hushangaa jinsi meno yalivyokuwa yameumana.

Unaanza na viganja: fumba ngumi kwa sekunde tano hadi saba, achia ghafla, kaa sekunde ishirini au zaidi ukisikiliza joto na uzito unaoingia. Kisha mikono, uso, taya, mabega ukiyapandisha kuelekea masikioni, tumbo, mapaja, na vidole vya miguu.

*Muda.* Mzunguko kamili huchukua dakika 15 hadi 20. Siku za mwanzo utaona unafanya mazoezi ya viungo tu. Baada ya wiki mbili tatu za kurudia, mwili hujifunza, na wengine wanaweza kulegeza mabega kwa kukumbuka tu.

*Inahitaji nini.* Mahali pa kulala au kukaa vizuri, na faragha, kwa sababu uso uliokunjwa makusudi unatisha watu. Kipande chake kidogo, kama kufumba ngumi chini ya meza, kinawezekana popote.

*Inapokwama.* Mwenye jeraha, maumivu ya mgongo au viungo aruke sehemu hiyo. Misuli ya nyuma ya mguu ikikazwa sana hukamata, basi ikaze nusu nguvu. Na kama shida yako ni mawazo na mwili umelegea tayari, utalala pale chini ukiwaza vilevile.

*Inamfaa nani.* Asiyeweza kukaa kimya bila kazi ya kufanya, mwenye kuumwa kichwa au shingo kwa sababu ya kukaza, na anayetaka kujiandaa kulala.

3. Kutembea

*Inagusa nini.* Mwili na mawazo kwa pamoja, na hapa ndipo kutembea kunapopata heshima yake. Adrenalini imekuandaa ukimbie, halafu umekaa kwenye kiti mbele ya barua uliyoandikiwa kwa ukali. Kutembea kunayapa yale maandalizi kazi. Wakati huohuo macho yanapata vitu vingine vya kuangalia, na wazo lililokuwa limekwama huanza kusogea lenyewe.

Kutembea penye miti au majani kuna faida ya ziada. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha lililoelekea miti walitoka hospitalini mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Japani nao tangu mwaka 1982 wamekuwa wakihimiza watu rasmi wakatembee msituni ili kutulia. Ila usiahirishe kutembea kwa sababu hakuna msitu karibu. Barabara tulivu inatosha.

*Muda.* Dakika kumi za mwendo wa kuchangamka zinaweza kubadilisha hali ya moyo siku hiyohiyo. Faida kubwa, ya usingizi na ya msongo sugu, huja kwa mazoea ya wiki nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

*Inahitaji nini.* Muda usiokatizwa, miguu inayobeba, na njia salama. Haya matatu si kila mtu anayo, na waandishi wa ushauri kama huu hulisahau hilo upesi. Mlezi wa mtoto mchanga au mgonjwa hawezi kutoka atakavyo, na mtu anayemaliza kazi usiku mahali pasipo salama hapaswi kuambiwa akazunguke mtaa.

*Inapokwama.* Unapotembea huku ukiendeleza ugomvi kichwani. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliwapa watu waliokuwa wameudhiwa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Hasira yao ilizidi, wakawa wakali kuliko hata waliokaa tu bila kufanya kitu. Mwili unaochemka pamoja na wazo linalochochea ni mchanganyiko mbaya. Ukijiona unatembea kwa kasi ukisema peke yako "ningemwambia hivi", punguza mwendo, au hesabu hatua, au badilisha njia uanze na pumzi. Na mazoezi makali karibu na saa ya kulala yanaweza kuufukuza usingizi. Matembezi ya taratibu hayana shida hiyo kwa walio wengi.

*Inamfaa nani.* Anayeshinda amekaa, mwenye mawazo yaliyokwama mahali pamoja, na mwenye msongo wa siku nyingi anayetaka kitu cha kudumu nacho.

4. Kuandika

Hapa pana njia mbili ndani ya moja, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya wengine waseme kuandika hakufai.

*Inagusa nini.* Mawazo. Ya kwanza ni kumwaga yaliyo moyoni. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker aliwaomba wanafunzi wa chuo waandike juu ya mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko walipoanza. Ila miezi iliyofuata, walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha faida hiyo ipo kwa wastani, ila ni ndogo, na haimpati kila mtu.

Ya pili ni orodha. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu 57 waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala kwenye maabara. Nusu waliandika kazi walizokwisha kuzifanya, nusu wakaandika kazi zinazowangoja. Walioandika zinazowangoja walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo bayana ndivyo walivyolala upesi. Nilidhani ingekuwa kinyume, kwamba kujiandikia kazi kungewaamsha. Kumbe kichwa kikishaona jambo limewekwa mahali, kinaacha kulikariri.

*Muda.* Orodha, usiku uleule. Kumwaga moyo, siku hadi wiki, na utegemee kuzama kidogo kabla ya kuibuka.

*Inahitaji nini.* Karatasi, na uhakika kwamba hakuna atakayeisoma. Sharti la pili ni zito kuliko linavyosikika. Anayeandika akiwa na hofu ya msomaji hujificha hata kwenye karatasi yake. Unaruhusiwa kuichana ukimaliza. Faida ilikwisha patikana wakati wa kuandika.

*Inapokwama.* Kwa tukio bichi. Aliyefiwa juzi au aliyepatwa na jambo la kutisha asijilazimishe kulisimulia kwa undani peke yake usiku. Inakwama pia pale kurasa zinaporudia malalamiko yaleyale wiki baada ya wiki. Siku nne zilitosha katika jaribio lile. Ukifika mwezi wa pili ukiandika sentensi zilezile, daftari limekuwa mahali pa kuzungukia.

*Inamfaa nani.* Orodha inamfaa mwenye mambo mengi kichwani. Kumwaga moyo kunamfaa mwenye jambo la zamani lisilosemeka kwa mtu, na anayeona aibu kuzungumza.

5. Kuzungumza na mtu

*Inagusa nini.* Mawazo, na wakati mwingine chanzo chenyewe. Zile nne za juu zinakutuliza wewe, huku jambo likibaki lilivyo. Mazungumzo yanaweza kulibadilisha: ukapata mkono wa kusaidia, mkopo wa muda, au taarifa kwamba uliloliogopa halipo.

*Muda.* Mara nyingi papo hapo, ukimpata mtu anayefaa. Kumpata ndiko kunakochukua siku.

*Inahitaji nini.* Msikilizaji anayetunza siri na ambaye leo naye hajaelemewa. Kabla hujaanza mwambie unachokitaka: "Nisikilize tu" au "Nataka ushauri wako." Urafiki mwingi huingia dosari kwa sababu mmoja alitaka kusikilizwa, mwenzake akamletea hatua tano za kufuata.

*Inapokwama.* Pale mazungumzo yanapogeuka kuwa kulichambua jambo lilelile bila mwisho. Mwaka 2002 Amanda Rose alichapisha utafiti kuhusu watoto na vijana wanaokaa na marafiki wakichimbua matatizo yao tena na tena. Urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, lakini dalili za huzuni na wasiwasi nazo zilikuwa nyingi zaidi. Kwa hiyo ukitoka kwenye mazungumzo umechoka kuliko ulivyoingia, na ikawa hivyo kila mara, tatizo huenda ni aina ya mazungumzo. Jaribu kuyawekea mwisho: nusu saa ya kulalamika, kisha swali moja la nini kifanyike kesho, kisha habari nyingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye msongo unaotokana na uhusiano, upweke au uamuzi mzito, na anayeona mawazo yake yameanza kupotoka kwa kukosa wa kuyapinga.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una jambo linaloanza baada ya dakika tano, moyo unakwenda mbio: pumzi. Nyingine zote zimechelewa.

Umelala lakini usingizi hauji. Jiulize kinachokuzuia. Kikiwa ni kazi za kesho, washa taa uandike orodha. Kikiwa ni mwili uliokaza, legeza misuli kuanzia viganja. Kikiwa ni kahawa ya jioni, vumilia tu: nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa, na hakuna zoezi linaloiharakisha kutoka.

Umegombana na mtu na bado una hasira. Usianze kwa kuzungumza naye, wala kwa kutembea kwa kasi. Shusha pumzi mpaka mapigo yatulie, tembea taratibu, halafu mazungumzo.

Umechoka kwa miezi, bila tukio moja unaloweza kulitaja. Kutembea mara kadhaa kwa wiki ndiko ningekuweka mbele, kwa kuwa kunajenga. Sambamba na hapo kaa na mtu mtazame mzigo wenyewe, maana kama unafanya kazi ya watu wawili, pumzi nzuri itakusaidia kuibeba kazi ya watu wawili na si zaidi ya hapo.

Huna faragha hata kidogo: pumzi na kulegeza misuli kwa kificho. Huna mtu wa kumwamini: karatasi kwa sasa, huku ukimtafuta mtu huyo. Huwezi kutoka nje: misuli, na kiti kilichogeuzwa kuelekea dirisha lenye kitu kinachoota.

Umejaribu njia moja kwa siku mbili ukaona haifai. Kwa pumzi na orodha, siku mbili zinatosha kuhukumu. Kwa misuli na kutembea, toa wiki kadhaa kabla ya kuacha.

Maumivu ya kifua, hasa yanayosambaa mkononi au tayani, si mahali pa kujaribu pumzi. Nenda hospitali mara moja. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu zaidi ya wiki mbili, au ukianza kutegemea pombe au vidonge ili utulie, mwone daktari au mshauri nasaha. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu leo hii, na akusindikize kutafuta msaada.